Midomo Isiyokula Kitu

Juzi, pale Nangurukuru, harufu ya korosho zinazochomwa ilinirudisha kwenye alasiri moja ya utotoni nilipoiba korosho alizotunza baba kwa mbegu. Nilizipasua kwa meno, na utomvu wa maganda ukaniunguza midomo ikavimba kama maandazi. Baba akatokea.

“Sijala kitu, baba!” nikasema kabla hajauliza.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua chupa ya mafuta ya nazi. “Haya, lete hiyo midomo isiyokula kitu.”

Akanipaka taratibu. Nilidhani nalainishwa kwa ajili ya fimbo. Fimbo haikuja.

Leo, msomi mzima, nikienda kuungama huanza na maelezo marefu ya kujitetea. Naamini Mungu hunisikiliza mpaka mwisho, chupa ikiwa tayari mkononi.