Kitanda cha Pili kwenye Meli ya Mawe

Mimi si mtu wa mahoteli. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani nilitoka Tabora kwenda Mwanza kupunga upepo. Nilimfuata mwanangu. Rehema, binti yangu wa pekee, anafanya kazi Maskati kwenye saluni ya kina mama, na tangu aondoke hajarudi hata mara moja. Safari hii alisema amepata likizo ya siku chache, kwa hiyo tukutane Mwanza, yeye kwa ndege na mimi kwa basi. Akakodi chumba cha vitanda viwili kwenye hoteli ndogo ya ufukweni ambayo aliiona kwenye simu akaipenda. Nilikuwa na swali moja la kumwuliza nikimtazama usoni, kwa sababu kwenye simu hulikwepa: atarudi kukaa nyumbani, au niache kumtandikia kitanda?

Kitanda chake pale Tabora sijawahi kukiacha kitupu. Kila Ijumaa nabadilisha shuka ambazo hakuna aliyezilalia. Jirani yangu, Mama Shani, husema nimefuga jini na ninamfulia. Namwacha acheke, uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Alfajiri nilipanda basi nikiwa na chupa ya asali na karanga nilizokaanga mwenyewe, vyote nimevifunga kwenye khanga mpya ya Rehema. Tulipofika Nzega abiria walishuka kunywa chai. Mimi nilibaki kitini nikiilinda asali yangu kama askari wa benki. Baada ya Shinyanga nchi ilikuwa tambarare kwa muda mrefu, ng'ombe na mashamba ya pamba, kisha mawe yakaanza kujitokeza, makubwa, yamebebana juu kwa juu, mithili ya vyombo vya mtu aliyehama akaviacha uwanjani. Hapo nikajua Mwanza imekaribia.

Mchana nilishuka Nyegezi nikachukua teksi. Hoteli iko upande wa pili kabisa, njia ya Igombe, hivyo tulikatiza mji mzima. Tulipofika uwanja wa ndege nilimwomba dereva apunguze mwendo.

"Kuna mtu unampokea, mama?" akaniuliza.

"Yupo," nikasema. "Ila ni wa kesho."

Hoteli yenyewe inaitwa Meli ya Mawe. Mwenyewe ni Bwana Makoye, mzee wa Kisukuma mwenye tumbo la heshima, ambaye maisha yake yote alikuwa mpishi kwenye meli za ziwani. Alipostaafu alinunua kiwanja ambacho kila mtu alikikataa kwa sababu ya mawe. Hakuyapasua, aliyazungushia kuta. Vyumba anaviita kabini na kila kimoja kina jina la samaki. Wageni ni abiria, baraza la kulia chakula ni deki, na kabla ya kila mlo anapiga kengele ya meli mpaka pimbi wanakimbia juu ya paa. Chumba chetu kilikuwa Ningu. Jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala lilikuwa limeingia kupitia ukutani likakaa katikati ya vitanda viwili. Nilipolilalamikia, Bwana Makoye alinijibu kwa upole kwamba lilitangulia kufika kabla yangu na yake.

Lakini nimeruka jambo. Aliyenipokea getini alikuwa mzee mmoja wa Kihaya, mwembamba, mwenye kofia. Alinibebea begi, akanitandikia kitanda vibaya, pembe moja ya shuka ikining'inia, kisha akanimiminia chai. Nikamtuma maji ya moto ya kuoga, naye akayaleta bila neno. Nilipotoka kuoga nikamkuta dekini amekaa anakula sato mzima, anasoma gazeti. Nikaona kazi za siku hizi zina raha.

"Yule si mfanyakazi, mayu," Bwana Makoye akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma. "Ni mfanyabiashara wa kahawa kutoka Bukoba. Abiria kama wewe."

"Mbona amenitandikia kitanda?"

"Melini, aliyekwisha panda humpa mkono anayepanda. Hapa ndivyo tunavyofanya. Yeye alifika jana, amekupokea wewe. Anayefika kesho utampokea wewe."

Nilimwomba yule mzee radhi, akacheka, akasema maji yenyewe hayakuwa na moto wa kutosha. Moyoni nilifurahi. Wa kesho alikuwa Rehema, na hakuna aliyefaa kumpokea Rehema zaidi yangu.

Jioni deki ilijaa. Kulikuwa na harusi Buswelu na ndugu wa bwana harusi walikuwa wamekodi karibu kabini zote tangu juzi, wakiitana kutoka meza hadi meza. Meza yangu iliwekwa sahani mbili. Mbali ziwani wadudu walikuwa wamenyanyuka kwa wingi wakasimama juu ya maji kama moshi wa moto mkubwa, na nikataka kumwonyesha mtu. Nikageuka kushoto, nikageuka kulia. Kila mtu alikuwa na mtu wake. Rehema alinitumia ujumbe kwamba ndege yake ni kesho mchana. Nikaisogeza ile sahani ya pili ili isinitazame.

Asubuhi nilitandika kitanda cha pili. Nilinyoosha shuka hadi hakuna mkunjo, nikatandaza khanga mpya juu yake, asali na karanga nikaviweka juu ya lile jiwe, ambalo hatimaye lilipata kazi. Kisha nikaenda kukaa dekini.

Ndege zinazotua Mwanza hushuka chini sana juu ya ziwa. Kila iliyopita nilisimama. Ya kwanza nilisimama nikatabasamu. Nyingine ikaja, nikaswali adhuhuri, nikarudi, nyingine ikaja. Simu ya Rehema ilikuwa haipatikani, na nikajiambia yuko angani. Bwana Makoye alikuwa akipita na sinia la vikombe, na kila akipita alitazama pembeni.

Alasiri alikuja kusimama mbele yangu.

"Mayu, nyumba ya harusi imejaa, watu wanalala hadi jikoni. Wananiletea mama mmoja wa Ukerewe, shangazi wa bwana harusi. Kabini zote zina watu. Nimebaki na kitanda chako cha pili."

"Kile kina mwenyewe."

"Nimesikia. Basi tutamtandikia hapa dekini, mbu watamsamehe."

Alikuwa ameshageuka simu ilipoita. Ni Rehema.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeshuka?"

"Sikupanda ndege, Mama. Likizo nilipewa. Mzigo nilifunga. Nilifika uwanja wa ndege nikarudi. Niliona nikikutazama usoni nitashindwa kukwambia."

"Kuniambia nini?"

"Sirudi kukaa Tabora. Nimepata maisha huku. Nitakuja kukusalimia, wallahi, lakini kukaa, hapana."

Swali nililosafiri nalo lilikuwa limejibiwa kabla sijalitoa mdomoni. Nilikuwa na maneno mengi, na mengine makali. Lakini nilimsikia anavyohema, kama alivyokuwa akihema mdogo akiwa na homa.

"Umekula?" nikamwuliza.

"Bado."

"Kale."

Nilipokata simu nililia bila kujificha, na wale wa harusi wakaacha kelele kwa kunionea aibu. Kisha kengele ikalia getini. Bwana Makoye hakunitazama wala hakuniita. Nilifuta uso kwa mtandio nikashuka, maana zamu ilikuwa yangu.

Mgeni alikuwa mama wa rika langu, mnene, mfupi, amevua viatu amevishika mkononi. Jina lake Veronika, fundi cherehani wa Nansio, huko Ukerewe.

"Pole na safari," nikasema.

"Nimeshapoa, dada. Miguu tu."

Nilimbebea begi. Nikamwingiza Ningu. Alipoona kile kitanda alisimama mlangoni.

"Hiki kimetandikiwa mtu."

"Nilimtandikia binti yangu. Hakuja."

"Basi mimi nitalala huko nje, siwezi kulala—"

"Lala," nikamwambia. "Kimechoka kungoja."

Nikamimina chai, nikaifungua ile asali. Alitia kijiko kimoja, akaonja, akatia cha pili bila kuomba, na nilimpenda kwa hilo. Hakuniuliza habari za Rehema. Alinieleza habari za magauni ya harusi mpaka maneno yakamwishia, akalala, akakoroma kama mashine ya kusaga. Nami nilikaa upande wangu wa jiwe nikisikiliza mtu anayepumua kwenye kitanda cha pili, na nilimlilia mwanangu hadi usingizi ukanichukua.

Siku ya kurudi nilifunga begi mapema. Veronika alikuwa ameshavaa, gauni la harusi ndani, kitenge juu.

"Unakwenda wapi na harusi ni leo?" nikamwuliza.

"Nakusindikiza Nyegezi. Umenipokea wewe, nitakuachaje uondoke kama huna mwenyeji?"

Alisimama chini ya dirisha langu katikati ya wauza maji na korosho, akasema nenda salama, akasimama tu mpaka basi likaondoka. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Sikupona. Lakini nilijua sasa kwamba mtu unayemngoja na mtu anayefika si lazima wawe mmoja, na kwamba anayefika naye ana njaa na miguu inamuuma.

Jua linazama niliingia nyumbani Tabora. Nyumba ilikuwa kimya, ina harufu ya vumbi. Nikampigia Rehema.

"Nimefika."

"Alhamdulillahi. Nani amekupokea, Mama?"

Niliangalia sebule, kiti kimoja kikiwa kimeelekea mlangoni kama nilivyokiacha.

"Nimejipokea mwenyewe."



"Umekula?" akaniuliza.

"Bado."

"Kale, Mama."

Kabla sijaenda jikoni niliingia chumbani kwake. Nilikaa kidogo ukingoni mwa kitanda, kisha nikainuka, nikakitandua, nikazikunja shuka nikaziweka kabatini. Siku Rehema atakapokuja nitamtandikia upya, kama anavyotandikiwa mgeni.