Kidonge Alichochekewa Mama Vifungo

Kibanda cha ushonaji kimefunguliwa sasa hivi, na Mama Vifungo tayari ananyanyuka kwenda chooni. Anarudi, anakaa, anakanyaga cherehani. Sketi ya shule haijafika mshono wa pili, ananyanyuka tena huku ameshika ubavu.

"Cherehani ya miguu haina huruma," anasema. "Nikikanyaga, naona kama naukanyaga na ule mpira."

Mpira anaousema ni mrija mwembamba aliowekewa hospitali baada ya kutolewa jiwe. Unatoka kwenye figo hadi kwenye kibofu ili mkojo upite. Unamkereketa kutwa, na akikojoa maumivu yanapanda mpaka mbavuni.

Daktari alilijua hilo, akamwandikia kidonge cha kulegeza misuli ya njia ya mkojo. Fundi akaenda duka la dawa, foleni imejaa. Muuzaji akasoma karatasi, akacheka.

"Mama, hii ni ya wazee wa tezi dume. Wewe tezi dume umeitoa wapi?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mtu mzima, bibi mwenye wajukuu, akaondoka bila dawa, kichwa chini kama mwizi wa kuku. Nyumbani mumewe akasema labda daktari amechanganya wagonjwa. Basi Mama Vifungo akapunguza kunywa maji ili apunguze safari za chooni, na hapo ndipo alipojichongea. Mkojo ukawa mkali, maumivu yakazidi, wateja wakaanza kuchukua vitambaa vyao.

"Wateja wangu wa miaka yote," anasema. "Nililia hapahapa, juu ya sketi ya mtoto wa watu."

Inaudhi. Muuza dawa hajui kwamba dawa moja huweza kutibu zaidi ya ugonjwa mmoja, na badala ya kuuliza anamfanya mgonjwa kichekesho. Na hospitali nayo? Kumwambia tu kwamba wanawake pia hupewa kidonge hicho, walikosa mdomo?

Nesi wa kliniki ndiye aliyeshtuka kumwona amejikunja. "Shangazi, kwani dawa hukunywa?" Akamtafutia za wiki moja, akamsisitiza anywe maji.

Ameanza juzi. Maumivu hayajaisha, ila wiki iliyopita hata kukaa hakuweza. Mrija utatolewa mwezi ujao, na vidonge vilivyobaki itabidi anunue. Maduka ya dawa yako mengi, lakini yeye ameshachagua lake.

"Siendi kugombana," anasema. "Nitasimama palepale, foleni ikiwa imejaa, anihesabie vidonge vyangu. Na mwanamke aliye nyuma yangu asikie kwamba ni vyangu."