Mayai ya Wageni

Kidonda cha mama kilikuwa chini ya goti, pale alipopasuliwa baada ya kuteleza kwenye shamba lake la viazi. Wiki ya sita bado kilikuwa wazi, chekundu. Muuguzi wa zahanati alikifungua, akakitazama, kisha akaniuliza mimi badala ya mgonjwa.

"Huyu mama anakula nini?"

"Viazi," nikasema. "Mukimo wa viazi hivyo hivyo vilivyopondwa. Chai."

"Viazi ni sawa, lakini si peke yake. Mayai je? Maziwa? Maharagwe? Kidonda haiwezi funga bila protini. Na isipofunga, atarudi theatre Nyeri."

Mama alijifunga leso yake upya. Mara ya kwanza alipoingizwa theatre kupasuliwa aliniaga kama mtu asiyetarajia kurudi, na mimi sikutaka kuuona uso ule tena.

Kilichoniudhi ni kwamba protini yenyewe ilikuwa uani kwake. Alikuwa na ng'ombe mmoja na kuku tisa. Maziwa aliyapeleka yote barabarani kwa gari la maziwa, akijiachia ya kupaka chai rangi tu. Mayai aliyaweka kwenye bakuli juu ya kabati, na hayo yalikuwa ya wageni. Kwetu mgeni haulizwi kama ana njaa. Anapikiwa kizuri kilichopo, na mwenye nyumba anarudi kwa viazi vyake.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilimfokea mama yangu mgonjwa, na bado naona haya.

"Mami, wacha kelele," akanijibu, kwa jina analoniita tangu utotoni. "Mimi si mgeni hapa kwangu."

Nilirudi Nyeri, ninakoshona sare za shule, nikanunua omena, dagaa wakavu wa ziwani, mfuko mzima. Nikampelekea, nikamweleza namna ya kuzikaanga na nyanya. Jumamosi iliyofuata nikakuta mfuko mtupu, moyo ukanitulia.

"Umezimaliza zote?"

"Nimepatia kuku. Zimefurahi sana."

Nilitoka nje nikaegemea boma la ng'ombe, nikacheka hadi machozi, kisha machozi yakawa ya kweli. Ningemlaumu vipi? Huku mlimani omena tumekua tukiiona kwenye chakula cha kuku. Na kuku walikuwa wanataga kuliko zamani, bakuli limejaa mpaka juu, na mama mguu wake uko palepale.

Nikiwa pale ndipo msemo wa wahenga uliponijia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikavuka ua hadi kwa jirani, mwanamke wa rika la mama, mwenzake katika chama cha akina mama kanisani. Nikamweleza yote. Alivaa sweta yake hata kabla sijamaliza.

Mama alimkaribisha vizuri: mayai mawili na kikombe cha maziwa moto. Jirani akavitazama, akakunja mikono.

"Na yako iko wapi?"

"Mimi nimekula."

"Ati umekula? Mimi sikuli peke yangu kama mtu amewekewa sumu. Lete yako ama niende."

Mgeni kuondoka bila kula! Mama angeona afadhali arudi theatre. Alijikokota jikoni akinung'unika, akajikaangia yai moja. Jirani akadai ni mawili.

Tangu siku hiyo akina mama wa chama walipokezana. Huyu alikuja Jumatatu, yule Jumanne, mwingine akabeba sufuria ya maharagwe yake, na kila mmoja alikataa kula peke yake. Mama alilalamika kwamba watu wa kanisa siku hizi wana njaa sana. Sijui ni lini aliitambua hila yetu. Hakuniuliza, nami sikusema.

Muuguzi alikuwa akikipima kidonda kila wiki, na kila wiki kilipungua kidogo. Habari ya theatre hakuitaja tena.

Kisha ikaja Jumamosi ya mvua. Njia ilikuwa matope matupu, na niliposhuka barabarani nilijua hakuna mama wa chama ambaye angetoka siku hiyo. Nikaharakisha, nikitunga maneno ya ugomvi njia nzima.

Nilimkuta mezani peke yake. Mbele yake palikuwa na mayai mawili na kikombe cha maziwa, kile kizuri cha wageni. Mguu ameunyoosha juu ya kigoda, bila bandeji, na pale palipokuwa na kidonda sasa kuna ngozi mpya.

"Mgeni wa leo yuko wapi?" nikauliza.

"Hakuna mtu amekuja," akasema, akichovya kipande cha kiazi kwenye kiini cha yai. "Leo nimejikaribisha. Keti, tukule."