Kisigino cha Dada Agnesi

Dada yangu Agnesi aliishia darasa la tatu, mimi nikafika chuo cha ualimu, na kwa miaka mingi nilikuwa mpumbavu wa kutosha kuamini kwamba msomi kati yetu ni mimi.

Alilima mpunga Tindiga, kwenye majaruba ya kikundi cha wakulima. Mbegu aliichanganya kwanza na tope la mfinyanzi, akaianika mpaka kila punje ikavaa koti. Kisha alitoboa ardhi kwa kisigino, akadondosha punje, akafukia kwa wayo wa mguu uleule huku anasonga mbele. Ukimwona kwa mbali ungedhani anacheza ngoma peke yake. Alifundishwa na mama yetu, Domina, na pale kijijini alikuwa amebaki yeye tu anayepanda hivyo.

Mwaka 1993 biashara ilikuwa imeachiwa huru, na ghala la ushirika lilikuwa limebaki na popo. Tajiri mmoja wa mjini akaahidi kununua mpunga wote wa kikundi, mradi upandwe kwa mistari iliyonyooshwa kwa kamba. Bwana shamba Samweli, kijana mpole aliyependa mno daftari lake, akatangaza uamuzi wa kamati ya kikundi: atakayepanda kizamani, msimu ujao jaruba lake anapewa mwingine. Dada alikuwa mjane na hakuwa na shamba jingine.

Nilitoka Kilosa, nilikokuwa nafundisha, kwenda kumshawishi akubali, nikamkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umetumwa?"

Niliona aibu. Nikakwepa kwa kumsimulia kitabu nilichokuwa nasoma kuandaa kipindi cha historia, kuhusu Charleston, mji wa bandari huko Marekani. Waingereza waliuanzisha mwaka 1670, wakahangaika na zao hili na lile, mpaka mpunga ulipokubali. Mpunga ukajaza meli, mji ukatajirika. Waliojua kuulima walikuwa Waafrika waliopelekwa utumwani, wengi kutoka nchi za mpunga za Afrika Magharibi. Wanawake wao walipaka mbegu tope, wakatoboa ardhi kwa kisigino, wakafukia kwa wayo.

Dada aliacha kupepeta. "Walikuwa wanaitwa nani?"

"Haikuandikwa."

"Na wenye mashamba?"

"Hao wameandikwa."

Akaniambia nirudi zangu Kilosa, yeye atapanda anavyojua. Niliondoka na hasira, na hofu pia, maana nilikwenda kuzima moto nikauchochea.

Wiki ileile ya kupanda, mvua ilishuka na maji yakaingia majarubani. Mbegu zilizopandwa kwa kamba zilielea, zilizosalia wakazimaliza ndege. Za dada, zilizovaa tope, zilikaa palepale. Baada ya siku chache jaruba la kijani lilikuwa lake tu. Kamati ikafuta amri yake bila wajumbe kutazamana usoni.

Samweli akaja na daftari siku niliyokuwa nimekwenda kumpongeza dada. Aliandika, kisha akamsomea: "Mbinu ya asili ya wakulima wa Tindiga."

"Wakulima gani?" dada akafoka. "Si walinicheka wote! Andika Agnesi. Andika kafundishwa na mama yake, Domina."

Samweli akafuta, akaandika upya, akasoma kwa sauti. Dada alisikiliza macho kayafumba.

"Jina la mama," akasema. "Rudia la mama."