Nilimega Boma la Watani Zangu

Nimekosa, wasomaji, wala sitaki mtu anitetee. Niliiba udongo!

Msicheke. Mimi ni Mnyamwezi, nimeoa Mzaramo, na mwaka jana nilikuwa najenga nyumba hapa Kariakoo. Fito ninazo, makuti ninayo, lakini udongo wa hapa mchanga mtupu, haukandikiki. Nikakumbuka kijijini kwa mke wangu Zena kuna boma la kale: tuta refu la udongo mwekundu na handaki kulizunguka, walilochimba wazee wao kujikinga na wavamizi wa Mafiti. Serikali imeweka kibao pale, mtu asiguse.

Nikajiambia, Wazaramo watani zangu, watanifanya nini? Nikaenda na lori wakiwa shambani, nikamega tuta, nikaondoka. Lo, nilivyojiona mjanja!

Nyumba ilipokwisha, babu yake Zena akaja kututazama. Nikampa kahawa huku nacheka: "Babu, karibu bomani kwenu! Ukuta huu umetoka kwenye tuta lenu, nimewaibia!"

Hakucheka. Aliweka kikombe chini, akaugusa ukuta kwa kiganja.

"Mtani huchukua tukimwona, tukamtukana, tukacheka naye," akasema. "Wewe ulingoja tuondoke. Huo si utani, mjukuu wangu. Waliokufa wakililinda boma wamezikwa ndani ya tuta lile. Rudisha kabla ya masika."

Nikaitikia, ndiyo babu. Sikurudisha! Niliona uchungu kubomoa nyumba mpya. Mvua zikapenya pale nilipomega, tuta likaporomoka, mifupa ikatoka nje.

Zena alipopata habari alifunga nguo zake. "Siwezi kulala nimeegemea wafu wetu," akasema, akaenda kwao na mimba yake.

Jamani! Hapo ndipo nilipobandua ukuta, nikajaza lori, nikaenda mbio. Askari, aliyewekwa pale baada ya tuta kuporomoka, akanizuia kibaoni. "Hapa haparuhusiwi kuguswa, hata kutengenezwa." Babu alisimama ng'ambo ya handaki akinitazama. Zena hakutoka. Nikarudi Kariakoo na udongo wote.

Sasa naishi ndani ya fito tupu, upepo unapita. Nakaa, nainuka, natoka, narudi. Majirani wanaojenga wanauliza kama nauza lile lundo la udongo uani. Nawafukuza!

Enyi wenye watani, mkitaka kitu chao kichukueni wakiwaona, na wakisema rudisheni, rudisheni siku hiyohiyo. Mwanangu amezaliwa juzi. Nimeambiwa sokoni, na muuza nazi.