Namba za Kijani Kwenye Kioo cha Mbele

Ipo siku moja naikumbuka kila nishikapo usukani, mwanangu. Ni siku niliyokanyaga breki karibu na Lembeni nikiwa nimembeba mama wa watu ambaye duniani alibakiwa na jicho moja tu. Juzi nilikusikia ukiwaambia wenzako kwamba zile namba zinazojitokeza kwenye kioo cha mbele cha gari lako ni mapambo ya Wajapani, na kwamba dereva wa kweli hana haja nazo. Sikukukatiza. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi kabla hujazaliwa, tena kwa sauti kubwa kuliko yako. Basi vuta kiti, nikueleze yaliyonipata.

Mimi udereva nilijifunza miaka ile ya shida, sabuni ya foleni, sukari ya kugawiwa, na spea ya gari ukiiota tu usingizini. Lori nililoliendesha kutoka Vudee kushuka Same, likibeba ndizi na maharage, mshale wake wa spidi ulilala kwenye sifuri na haukuamka tena. Hatukulalamika, tulijifunza kusikiliza. Mlango wa kushoto ukianza kutetemeka, tulijua ni arobaini. Bodi ikianza kupiga kelele, ni hamsini. Vioo vikilia, ni sitini, na hapo mwenye akili anaondoa mguu. Nililionea fahari sikio langu kama mwalimu wa kwaya anavyolionea fahari lake. Na nisiwe mwizi wa fadhila, sikio hilo lilinitunza, maana zile kona za mlimani hazina msamaha, na miaka yote hiyo sikumwaga hata gunia moja.

Baadaye biashara ikafunguliwa, na magari yaliyokwisha kutumika Japani yakaanza kushuka bandarini. Tajiri wangu, Bwana Eliamani, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Same, akajinunulia gari dogo, saluni nyeupe. Akanitoa kwenye lori, akanikabidhi ufunguo. Siku ya kwanza nilipoliwasha, nilishtuka. Juu ya dashibodi palikuwa na upenyo mdogo, mwanga ukatoka pale ukagonga kioo, na namba ya kijani ikasimama mbele ya macho yangu, kama imewekwa juu ya barabara yenyewe. Nikienda thelathini inaandika thelathini, nikienda hamsini inaandika hamsini. Jua likiwa kali ilififia kidogo, lakini ilisomeka.

Ungedhani nilifurahi. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu madereva wenzangu pale stendi wakaingiza vichwa dirishani, wakaiona, na tangu hapo sikuwa na raha. Wakasema Yona sasa anaandikiwa mwendo kama mtoto wa darasa la kwanza anayeandikiwa herufi ubaoni. Wakasema sikio lake limekufa. Nilicheka nao, lakini moyoni lilinichoma. Na unajua desturi yetu wakati ule, gari zuri lilivalishwa kama sebule. Mke wangu, kwa furaha ya mimi kutoka kwenye lori, alikuwa amefuma kitambaa cheupe chenye maua mekundu pembeni, cha kutandika juu ya dashibodi. Nikakitandika, na nikahakikisha kimeufunika ule upenyo. Namba zikazimika. Aliyeuliza nilimwambia ni heshima kwa mke wangu, kumbe nilikuwa namsingizia bure. Kilichofunika pale kilikuwa kiburi changu, ua lake lilikuwa kisingizio tu.

Sasa ile siku. Bwana Eliamani alinituma hospitali Moshi kumchukua mama yake, Bibi Naelijwa. Mzee huyo aliishi Vudee, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu miaka mingi. La kushoto lilishakufa kabisa. La kulia ndilo lililofanyiwa upasuaji, na bandeji ilikuwa imefunguliwa asubuhi hiyo hiyo. Muuguzi alinishika mkono pembeni akanieleza taratibu: asiiname, asibebe kitu, na juu ya yote asitikiswe, kidonda bado kibichi. Akaongeza kuwa mama huyu hana jicho la akiba. Nikamwitikia kwa kichwa, kama dereva mzoefu asiyehitaji kufundishwa.

Nilimlaza kidogo kwenye kiti cha mbele, miwani yake minene usoni, nikang'oa gari polepole. Njia nzima bibi alikuwa akitazama nje na kuita kila anachokiona: mlima ule, mkonge ule, mama yule aliyejitwisha kuni. Alikuwa kama mtu aliyerudishiwa nyumba yake na sasa anakagua chumba kwa chumba. Nami kwa furaha ya kumsikia, mguu ukazidi kuwa mzito bila mimi kujua. Lami ilikuwa nzuri. Gari lilikuwa kimya. Hakuna mlango uliotetemeka, hakuna kioo kilicholia, na sikio langu lile la fahari likaniambia tuko sitini.

Tulipokaribia Lembeni nikaona miti ya kandoni inapita upesi kuliko inavyostahili. Nikaingiwa na shaka. Nikainamisha macho nitazame mshale wa spidi nyuma ya usukani, nao ulikuwa kwenye mia na kumi. Sikuamini, mwanangu, nikautazama tena nihakikishe. Kule kutazama mara ya pili ndiko kulikokaribia kutuua. Nilipoinua macho, barabara ilikuwa imejaa ng'ombe, wanavuka kwenda majini, na mchungaji wao amesimama katikati amenyoosha fimbo.

Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili, mkono wangu wa kushoto nikauegemeza kifuani pa bibi. Gari lilipiga kelele, likaburuzika, likasimama. Kati ya boneti na ng'ombe wa kwanza palibaki hatua tatu au nne. Miwani ya bibi ilikuwa imeangukia mapajani, naye ameufunika uso kwa viganja vyote viwili. Nilimwita, hakuitika. Nikajua nimelipasua lile jicho. Nilijua kwamba mimi, Yona, ndiye niliyemrudisha mama wa watu gizani, siku ile ile alipotolewa.

Kisha akashusha mikono taratibu. Machozi yalikuwa yakimtoka. Akaokota miwani, akaivaa, akatazama mbele kwa muda mrefu.

"Yule wa mwisho," akasema, "pembe yake moja imevunjika."

Nikalia. Nililia mbele ya mchungaji na ng'ombe wake, wala sikuona aibu. Nilimshukuru Mungu kwa ile pembe iliyovunjika kuliko nilivyowahi kushukuru kwa mshahara au kwa mvua.

Aliponiacha nimalize kulia, akaniuliza imekuwaje nisiwaone ng'ombe wengi kiasi kile, wakati yeye mwenye jicho moja, tena la asubuhi ile, aliwaona tangu mbali na akanyamaza akidhani nami nawaona. Sikuweza kumdanganya. Nikamwambia nilikuwa natazama chini kujua mwendo. Nikamwambia pia kuwa gari lina namba zake kwenye kioo, ila nimezifunika kwa sababu ya maneno ya stendi. Bibi akaniamuru nisogeze gari kando, nikatii. Akashuka, akazunguka huku nimemshika mkono, akaketi penye usukani. Akanyanyua kitambaa kwa ncha mbili za vidole, nami nikazungusha ufunguo.

"Naona sifuri," akasema. Alijifunza kusoma namba enzi za madarasa ya watu wazima, na hakuwa amesoma chochote kwa miaka. "Naona sifuri, na ng'ombe nawaona hapo hapo nyuma yake. Sikuinamisha kichwa."

Halafu akanigeukia.

"Yona, mimi nimekwenda mpaka Moshi nikachanjwa kisu, nipate jicho moja. Wewe umepewa la tatu bure, ukalifunika kitambaa usichekwe."

Alikikunja kile kitambaa vizuri akanipa, akasema kazi ya mke wangu ni nzuri na inastahili kukaa mezani ambako watu watakula. Kuhusu mwanawe, alisema yeye hatamwambia neno, nitamwambia mwenyewe. Tukaenda mpaka Same kwa sitini, namba ikiwa mbele yangu, na mara ya kwanza maishani nilijua mwendo wangu bila kuiacha barabara kwa jicho wala kwa sikio. Jioni nilisimama dukani nikamweleza Bwana Eliamani yote. Mwisho akaniambia niende nikale, na kesho niwahi kazini. Mpaka leo namwombea kwa neno hilo.

Mwanangu, sikukatazi kujivunia ujuzi wako. Sikio langu halikuwa la uongo, ila lilizaliwa kwenye lori, na saluni ilikuwa na lugha nyingine. Mazoea yana taabu, ndivyo walivyosema. Ujuzi wa jana ukikataa kujifunza wa leo, unageuka upofu. Wahenga walisema pia, mgeni njoo mwenyeji apone. Zile namba za kioo ni mgeni wa namna hiyo. Hazikufanyi dereva, hazishiki breki, wala hazikupi ruhusa ya kukimbia. Kazi yao ni moja tu, kukuambia ukweli bila kukutoa macho barabarani, na kule kuinama kwa nukta mbili kunatosha ng'ombe kuvuka, au mtoto wa mtu. Usiniambie ajali haina kinga. Kinga nyingine tumepewa, tunaona haya kuitumia mbele za watu.

Wacheke. Waliokucheka hawatakuwa ndani ya gari siku hiyo. Atakayekuwamo ni mtu aliyekaa pembeni yako, anatazama mlima, anakuamini.

Bibi Naelijwa aliishi miaka mingi baada ya pale, akisoma zaburi kwa jicho lile lile kila asubuhi, na kila aliponiona alinibariki. Baraka aliyonipa nakukabidhi wewe leo. Mungu akulinde uendako na urudiko. Akupe macho ya mbele na moyo usioogopa kuchekwa. Na kila unayempakia, umshushe mlangoni kwake akiwa mzima, akuage kwa jina lako.