Silabi Moja ya Mama Mkwe

Mlezi wa ukurasa huu, naomba usitaje jina langu wala jina la tamthilia ninayoigiza. Wafuasi wako wengi wanaitazama, na baadhi yao ni majirani zangu.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mzaliwa wa Nachingwea, mwigizaji kwa kazi. Nilianzia jukwaani, katika kikundi kilichozunguka mikoa ya Kusini kikiigiza michezo ya afya na mirathi kwenye viwanja vya shule, kisha nikahamia kwenye kamera. Naishi Mkuza, Kibaha, na mume wangu, mtumishi wa umma na mwenyeji wa Kisarawe. Hatugombani kwa kelele. Ndiyo maana hali ya sasa inanitisha: nyumba imenyamaza, nami siwezi kutulia kwenye kiti.

Nieleze kwanza namna ninavyofanya kazi, kwa kuwa tatizo limeanzia hapo. Simtoi mhusika kichwani. Namchukua mtu aliye hai, naangalia anavyoketi, anavyomeza mate, anavyotaja jina la mtu asiyempenda, ndipo namvaa. Mhusika aliyenipa umaarufu, yule mama mkwe mwenye hila, nilimchukua kwa mama mkwe wangu mwenyewe. Hila hana. Ana kikohozi chepesi kinachotangulia kila uongo wake mdogo, na hufunga upya khanga kiunoni anapotaka kumkatiza mtu maneno. Nilivichukua vyote viwili.

Alijitambua siku ya kwanza alipoitazama tamthilia, nami nimeketi pembeni yake, kwake Kisarawe.

"We mla panya!" akapaza sauti. "Panya wamekwisha huko kwenu, sasa umeanza kunila mimi?"

"Mama, nyama yenyewe ngumu. Nimetafuna kikohozi tu."

Alicheka hadi akashika mbavu, akawaita majirani waje wamwone pacha wake wa bandia. Watu wa kwetu na watu wa kwao ni watani, na baina ya watani kuigizwa si tusi. Kwenye misiba yao mimi ndiye ninayevaa nguo ya marehemu na kutembea alivyotembea, wafiwa wakacheka katikati ya kilio. Mama alizoea kuniambia, "Siku yangu ikifika usinifupishe. Nitembeze mpaka barabarani."

Kisha akapata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, mdomo ukapinda, maneno yakabaki vipande. Tulimhamishia kwetu ili awe karibu na mazoezi ya viungo katika hospitali ya Tumbi. Mimi ndiye ninayemlisha, ninayemgeuza na kumwogesha.

Tukiwa katika hali hiyo, mwongozaji akaniletea msimu mpya. Mhusika wangu anapata kiharusi. Mwongozaji aliapa kuwa hakujua habari za nyumbani kwangu, nami namwamini.

"Dada, hii ndiyo kazi ya maisha yako," alisema. "Ukikataa, mama huyu tunamzika mwanzoni tu, hadithi inahamia kwa wengine."

Nimeusoma mswada. Mwanamke anatawala nyumba nzima kwa jicho moja, bila kusema. Sijawahi kupewa nafasi iliyoandikwa vizuri hivyo, na najua naiweza, kwa sababu naishi na mwalimu wake.

Mume wangu alinikuta mbele ya kioo cha kabati, nimeupinda mdomo.

"Huyo ni mama yangu?"

"Nafanya mazoezi."

"Mtani humwigiza maiti. Mgonjwa haigizwi, mgonjwa anauguzwa. Utani una mpaka, na wewe unaujua."

Nikajibu kwamba mwenye uso ndiye wa kuulizwa. Tukaenda wote wawili kitandani kwa mama, nikamweleza taratibu. Alitukazia macho, akakusanya pumzi, akatoa neno moja.

Mimi nilisikia, "Uniigize."

Mume wangu alisikia, "Usiniigize."

Tofauti ni silabi moja, na ndiyo hasa aina ya silabi inayomezwa na ugonjwa wake: sukari anaiita "kari", samaki anamwita "maki". Kwa hiyo akikubali au akikataa, neno litatoka lilelile. Tulimwomba arudie, akalia. Lakini machozi yake si ushahidi. Tangu augue analia hata mbuzi akipita dirishani. Tulimwambia aminye mkono kama anakubali, akaminya. Tukamwambia aminye kama anakataa, akaminya tena.

"Ukiipeleka sura hiyo kwenye runinga," mume wangu alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, "nitamrudisha mama Kisarawe, na nitabaki naye hukohuko."

Tangu hapo natoka jikoni naenda getini, narudi, nakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Na mwili haukungoja uamuzi wangu. Juzi nikienda dukani jirani aliniuliza, "Mama, mguu umefanyaje?" Nilikuwa nauburuta bila kujua.

Leo asubuhi nilikuwa namlisha uji, mume wangu yuko mlangoni. Mdomo wangu ukapinda wenyewe. Mama aliacha kumeza. Alinitazama kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwingine, akainua mkono wake mzima, akaweka kidole kwenye pembe ya mdomo wangu na kuusukuma. Nilikuwa nimeupinda upande usio wake, kama inavyotokea mtu akimwiga aliye mbele yake. Kidole kiliusukuma mdomo ukafika katikati, kisha mkono ukachoka, ukaangukia blanketi.

"Umeona?" mume wangu akauliza.

"Nimeona."

Sidhani kama tuliona kitu kimoja. Yeye aliona mama ananinyoosha. Mimi niliona mama ananivusha kwenda upande sahihi, nguvu zikamwishia njiani.

Mwongozaji anataka jibu kesho. Ninyi mliowahi kuuguza, na ninyi mliokulia katika utani, nipeni shauri bila kunihurumia: kidole kile kilikuwa kinaelekea wapi?